Vitufe Vitatu

Mwaka 2003 nilikuwa msimamizi wa duka la intaneti mjini Morogoro, si mbali na soko kuu. Duka halikuwa langu. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari aliyesikia kwamba huko Dar es Salaam watu wanapanga foleni ili walipie kukaa mbele ya kompyuta. Akanunua sita zilizokwisha tumika, akazipanga zikiwa zimeupa ukuta mgongo, kisha akanitafuta mimi kwa kuwa nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Katika mji wetu wakati ule, miezi mitatu ilitosha kumfanya mtu aitwe mtaalamu. Tulitoza shilingi 500 kwa nusu saa.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwamo mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye sote tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi Uingereza, na kila Jumatano na Jumamosi alikuja kumwandikia barua-pepe. Kila alipokuja alikuwa amesahau neno lake la siri. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ama ameiacha nyumbani ama imefuliwa pamoja na kanga. Basi siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Mwalimu, weka alama kwenye kiboksi hiki hapa. Mashine itakukumbuka yenyewe, hutasumbuka tena." Akaweka. Akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki." Tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye kompyuta namba 4, na sanduku lake la barua likawa linafunguka bila kumuuliza swali lolote.

Jumamosi moja Mwalimu hakuja. Alikuja jirani yake, naye akakaa namba 4 kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi, akaandika anwani ya huduma ile ile ya barua, maana wakati huo nusu ya mji ilitumia hiyo hiyo. Sanduku likafunguka. Lilikuwa la Mwalimu. Jirani angeweza kufunga, au kuniita. Sikuona alichofanya, nilichoona ni kwamba nusu saa yake ilipokwisha alilipia nyingine.

Kufika Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba Mwalimu amepimwa damu na amekutwa na virusi vya UKIMWI, na kwamba anamwomba kaka yake msaada wa fedha za dawa. Kijana wa leo huenda asielewe uzito wa jambo hili. Mwaka 2003 dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure katika hospitali zetu za serikali. Mtu alikuwa ama ananunua kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu haukuweza kuifikia, ama anasubiri. Watu walikuwa wakitenganishiwa vikombe. Wazazi walianza kuwahamisha watoto kutoka darasa lake. Kabla ya muhula kwisha Mwalimu alikuwa amehama mji.

Nimechukua miaka mingi kujifunza ni nini hasa kilichotokea ndani ya mashine ile. Sikuwa na mwalimu wa kunifundisha. Nilisoma nilichopata, kidogo kidogo, na nilikuwa na sababu ya kusoma. Ninachoandika hapa ni historia ya jambo ambalo wengi hulifanya bila kufikiri, au hawalifanyi kabisa: kufuta yale ambayo programu ya kusomea intaneti, yaani kivinjari, imeyahifadhi juu yetu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba intaneti ya kurasa, hii tunayoiita wavuti, ilizaliwa ikiwa sahaulifu. Tim Berners-Lee aliibuni katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, na pendekezo lake la kwanza aliliandika Machi 1989. Shabaha ilikuwa wanasayansi wasomeane maandiko yao. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inatoa ukurasa, basi, wameachana. Ukiomba ukurasa wa pili sekunde moja baadaye, seva haijui kwamba ni wewe yule yule. Kwa mtu anayesoma ripoti ya fizikia, usahaulifu huo hauna madhara, na kwa kweli ni sifa, maana seva isiyokumbuka kitu haichoki haraka.

Lakini hebu fikiria duka ambalo mwenye duka anakusahau kila unapopepesa jicho. Unachukua sabuni, unaiweka kikapuni. Unageuka kuchukua sukari, kikapu hakipo, na mwenye duka anakuuliza wewe ni nani. Biashara haiwezekani. Na mwaka 1994 wafanyabiashara walikuwa wameanza kuitamani wavuti.

Mwaka huo, mwezi Aprili, kampuni iliyokuja kuitwa Netscape ilianzishwa huko California. Kampuni ya simu ya MCI ilitaka duka la kwenye wavuti, lakini haikutaka seva zake zibebe mzigo wa kukumbuka vikapu vya watu ambao hawajamaliza kununua. Kazi ikamwangukia mhandisi kijana wa Netscape aitwaye Lou Montulli. Suluhisho alilolipata mwezi Juni 1994 lilikuwa rahisi: kama seva haitaki kukumbuka, basi kumbukumbu iwekwe kwa mteja. Seva itampa mteja kipande kidogo cha maandishi, kivinjari chake kikihifadhi, na kila atakaporudi atakitoa kama mtu anayeonyesha kadi. Mafundi wa kompyuta walikuwa tayari na jina la vipande vya namna hiyo vinavyopita kutoka programu moja hadi nyingine, jina linalotokana na biskuti, naye akalichukua: kuki. Toleo la kwanza la majaribio la kivinjari cha Netscape lilitolewa kwa watu tarehe 13 Oktoba 1994 likiwa na kuki ndani yake. Matumizi yake ya mwanzo kabisa yalikuwa kujua tu kama mtu anayefungua tovuti ya Netscape ameshawahi kufika hapo.

Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huandika "vidakuzi". Sijui waliolichagua neno hilo walikusudia nini, lakini kila nikilisoma masikio yangu yanasikia "udaku".

Kila aliyetibiwa katika hospitali zetu analijua daftari la mgonjwa. Unanunua daftari dogo la shule, unaandika jina lako juu, daktari anaandika ndani, nawe unarudi nalo nyumbani. Safari ijayo unakwenda nalo. Daktari huenda akawa mwingine. Haidhuru, anafungua daftari na kujua ulipoishia. Hospitali haihitaji kabati kubwa la mafaili, kwa kuwa kabati ni nyumba za wagonjwa. Ukiniuliza kuki ni nini, nitakujibu kwamba ni daftari la mgonjwa, na sababu ya kubuniwa kwake ni ile ile: kumpunguzia mwenye ofisi mzigo wa kutunza. Tofauti ziko mbili. Kwanza, ndani ya kuki aghalabu hamna maelezo yako, mna namba tu, na maelezo yanabaki kwenye seva yakikaa chini ya namba hiyo. Pili, daftari la mgonjwa unalinunua mwenyewe na unajua umeliweka wapi.

Tofauti hii ya pili ndiyo iliyozua ugomvi. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu walikuwa wakibeba kuki katika kompyuta zao pasipo kujua. Hakuna aliyewaambia. Ziliandikwa katika faili moja la maandishi ambalo kichwani mwake mlikuwa na onyo kwamba limetengenezwa na programu, lisihaririwe. Huu ni uandishi wa ajabu: kitu kiko nyumbani kwako, kinakuhusu wewe, na juu yake kimeandikwa usikiguse. Februari 1996 gazeti la Financial Times la London likachapisha makala juu ya kuki, na habari ikaenea. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaita mikutano mwaka 1996 na tena 1997, na kuki zikajadiliwa humo. Netscape, katika toleo lake la tatu la mwaka 1996, ikaweka uwezekano wa kivinjari kukuuliza kabla ya kupokea kuki. Aliyewahi kuuweka anajua kilichotokea: maswali yalikuja kama nzi wakati wa maembe, na baada ya saa moja mtu aliuzima.

Kwa kweli kuki ya duka lenyewe haikuwa na ubaya mkubwa. Ubaya ulikuja kwa mlango wa pembeni. Ukurasa mmoja wa wavuti unaweza kuwa na picha zinazotoka kwenye seva nyingine kabisa. Basi kampuni ya matangazo ya biashara inaweka picha yake kwenye tovuti ya gazeti, na kwenye tovuti ya viatu, na kwenye tovuti ya ushauri wa magonjwa. Na kila picha inapofika kwako inafika na kuki ya kampuni hiyo hiyo moja. Wewe unadhani umeingia nyumba tatu tofauti. Yeye amekuona katika zote tatu, na ameandika. Kampuni ya DoubleClick ilikuwa mashuhuri kwa biashara hii katika miaka ya tisini, na mwaka 2008 Google ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Bei hiyo inaonyesha thamani ya kukumbuka.

Hapa ndipo penye tukio ambalo mimi naliona kuwa njia panda ya historia hii yote. Februari 1997 ulitolewa waraka wa kiufundi wenye namba 2109, ulioandikwa na David Kristol wa Bell Labs pamoja na Montulli mwenyewe, ukiweka kanuni za kuki kwa wavuti nzima. Waraka ulisema kwamba kivinjari, kama kinavyotoka dukani, kisipokee kuki kutoka kwa mtu wa tatu ambaye mtumiaji hakumwendea. Anayezitaka aziruhusu mwenyewe. Watu wa matangazo wakapinga. Na watengenezaji wawili wakubwa, Netscape na Microsoft, hawakuufuata. Vivinjari vyao vikaendelea kutoka dukani vikiwa vimeruhusu kila kitu. Montulli alieleza miaka mingi baadaye kwamba alihofia kuki zikizuiwa, wenye matangazo wangetafuta njia nyingine ya siri ambayo mtumiaji asingeweza kuiona wala kuifuta. Afadhali kuki, ambayo walau inafutika. Si hoja ya kipuuzi. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mzigo wa kufuta ulitoka kwa mhandisi wa California ukatua kwa kila mtumiaji, mjuzi na asiyejua, hadi kwa mwalimu wa shule ya msingi na msimamizi mwenye kozi ya miezi mitatu.

Nimetangulia kusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu aweke alama kwenye kiboksi. Sasa niseme kwa nini sikuwa nafuta. Haikuwa kutojua tu. Ilikuwa pia ubahili, na ubahili huo una historia yake.

Mbali ya kuki, kivinjari huhifadhi kitu kingine: nakala za kurasa na picha ulizokwisha kufungua, ili ukizitaka tena zisiagizwe upya. Mafundi huita kashe, nasi tunaweza kusema akiba. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wavuti. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge aliandika juu ya kumbukumbu ndogo yenye kasi inayokaa kati ya mashine na kumbukumbu kubwa iliyo nzito, akaiita kumbukumbu ya mtumwa, jina ambalo kwa mtu wa pwani yetu lina uzito wake. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilipoitumia katika kompyuta yake ya System/360 Model 85, jina likawa hili la kashe, kutoka Kifaransa, lenye maana ya kuficha. Mimi ningeiita mtungi. Kisima kiko mbali, basi maji unayachota mara moja, unayaweka mtungini karibu na jiko. Na kwa kuwa maji ya mtungi huchacha, wabunifu wa wavuti wakaweka njia ya kuuliza: kivinjari kinaiambia seva, "Ukurasa huu ninao tangu Jumanne, je, umebadilika?" Kama haujabadilika seva inajibu kwa namba tu, 304, wala haitumi ukurasa.

Sasa, kisima chetu kilikuwa mbali kweli kweli. Kabla ya katikati ya mwaka 2009 mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki haukuwa na mkongo wa baharini. Intaneti yetu ilipanda kwenye setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000, ikashuka bara jingine, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Swali na jibu, hata liwe fupi kama ndiyo na hapana, lilichukua nusu sekunde kwa uchache, na ukurasa mmoja una maswali mengi. Kompyuta zetu sita ziligawana njia moja nyembamba iliyolipiwa kwa dola. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na EASSy ukafuata 2010. Mwaka 2003 hayo yote yalikuwa ndoto.

Katika hali hiyo akiba ilikuwa fedha. Kama wateja 20 wanafungua gazeti lile lile kwa siku, nembo ya gazeti na picha zake ziagizwe mara moja, 19 wanywe kutoka mtungini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia mahali pa mipangilio nikasukuma alama ili kivinjari kipewe nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi, na mwenye duka alinisifu kwa hilo.

Tulikuwa tunatumia Internet Explorer toleo la 6. Ukifungua mipangilio yake ulikuta vitufe vitatu, au batani kama tulivyozoea kusema: kimoja kufuta kuki, kimoja kufuta faili za akiba, na kimoja kufuta orodha ya kurasa zilizotembelewa. Vitu vitatu tofauti, vyenye kazi tofauti. Kile cha kuki ndicho kilichomhusu Mwalimu. Kama ningekibonyeza kila jioni, kiboksi chake kisingemkumbuka, angesumbuka na karatasi yake, na mtaa usingejua kitu. Wala gazeti lisingechelewa hata kidogo, maana picha za gazeti zilikuwa chini ya kitufe cha pili. Lakini mimi sikujua tofauti. Niliviona vyote vimeandikwa neno la kufuta, nikahofia kasi, nikawakataza hata vijana wawili walionisaidia zamu ya usiku wasiviguse. Vilikuwa vimeachana upana wa kidole.

Nikiwa mkweli, sikuwa peke yangu katika kuchanganya. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2006, lilivikusanya vyote kwenye dirisha moja, na vivinjari vya leo navyo huviweka pamoja, mtu akatia alama anachotaka kifutwe. Mwaka 2005 Safari ya kampuni ya Apple ilikuja na namna ya kutembelea wavuti ambayo kivinjari kinasahau chenyewe ukimaliza. Chrome, Internet Explorer na Firefox zikafuata 2008 na 2009. Kila nikiisoma tarehe hiyo ya 2005 nahesabu miaka.

Kuna pia suala la umri wa kuki. Kuki isiyopewa tarehe hufa kivinjari kinapofungwa. Iliyopewa tarehe huishi mpaka tarehe hiyo, na aliyeitoa ndiye anayeichagua. Google ilikuwa ikitoa kuki ya kufa mwaka 2038, ambao ndio mwisho wa kalenda ya mashine nyingi za namna ile, yaani kwa maneno mengine milele. Mwaka 2007 ilitangaza kuipunguza hadi miaka 2. Kuki ya Mwalimu nayo ilikuwa na tarehe. Kiboksi kile ndiyo kazi yake: kuitoa katika jamii ya zinazokufa jioni na kuiingiza katika jamii ya zinazoishi.

Ile hofu ya Montulli ilitimia ingawa kuki zilikuwa zimeruhusiwa, na hapo ndipo nashindwa kumtetea. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba tovuti nyingi mashuhuri zilikuwa zinaweka nakala ya pili katika programu ya Flash, mahali ambapo kitufe cha kufuta kuki hakikufika, na kwamba baadhi yao zilitumia nakala hiyo kuifufua kuki iliyokwisha futwa na mwenyewe. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation lilichunguza vivinjari 470,161 likakuta asilimia 83.6 vinaweza kutambuliwa kimoja kimoja, pasipo kuki, kwa kutazama tu aina ya kivinjari, ukubwa wa skrini, herufi zilizomo, na mambo madogo ya namna hiyo. Hata mtungi wetu haukusalimika, kwa kuwa jibu la "haujabadilika" laweza kubebeshwa namba ya siri inayomtofautisha mtu na mtu. Flash imekwisha kuzikwa, mwishoni mwa 2020. Ufundi wa kumtambua mtu kwa sura ya kivinjari chake upo bado.

Juu ya sheria nitasema kwa ufupi, kwa sababu siamini kwamba zimebadilisha mengi. Umoja wa Ulaya ulidai ridhaa ya mtumiaji kwa kuki katika marekebisho ya mwaka 2009, na mwezi Mei 2018 ikaanza kutumika kanuni yake kuu ya kulinda taarifa za watu. Matunda yake tunayaona sote, hata huku: kila tovuti inakufungulia kibao chenye kitufe kikubwa cha kukubali na njia nyembamba ya kukataa. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Firefox na Safari zilianza kuwazuia hao watu wa tatu bila kungoja mtumiaji aombe. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome nayo ingeachana nao ndani ya miaka 2, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Aprili 2025 ikasema mambo yabaki yalivyo. Waraka namba 2109 ulikuwa umelisema jambo hilo miaka 28 kabla.

Narudi Morogoro. Jumatatu ile, habari ziliponifikia, nilifunga mlango wa duka mchana na kukaa mbele ya namba 4. Nilifungua lile folda la akiba ili nione yaliyomo. Yalikuwa maelfu: nembo za magazeti, picha za wachezaji wa mpira, magari, maharusi. Na katikati yake kurasa za barua. Ile ya Mwalimu ilikuwa pale, imehifadhiwa nzima kama ilivyoonekana kwenye skrini, maana mtungi hauchagui maji. Niliitambua kwa jina la kaka yake. Nilikuwa nimekuja kuifuta. Niliifungua kwanza. Nilisoma mpaka mwisho, na sina sababu nzuri ya kumpa msomaji. Kisha nikabonyeza vitufe vyote vitatu, nikahamia namba 5, na kuendelea mpaka namba 1.

Tangu hapo nilifuta kila jioni, kompyuta zote, vitu vyote, maana nilikuwa bado sijajua kipi ni kipi. Asubuhi kurasa zilikuwa nzito na wateja walilalamika. Mwenye duka aliniuliza kilichoharibika, nikamwambia setilaiti.

Duka lilifungwa mwaka 2012, simu za mkononi zilipokwisha kuwachukua wateja. Kompyuta ziliuzwa kama chuma chakavu. Wakati huo nilikuwa nimesoma kiasi cha kutosha kujua kwamba kufuta faili kwa kawaida huondoa jina lake tu kwenye orodha ya diski, na maandishi yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilimwomba mwenye duka anipe diski sita, akaniachia bila kuuliza. Nilizipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akazitoboa kwa drili mbele yangu moja baada ya nyingine, akanitoza shilingi 1,000 kwa kila moja. Alipofika ya nne alisimama kufuta jasho, akaniuliza, "Kaka, humu kuna nini lakini?"

Nikamwambia ni hesabu za zamani.